Mshonaji na Mshoneshaji: Migogoro ya Mikataba katika Biashara ya Mavazi ya Kimataifa

Utangulizi

Kitenzi shona kina uzao mkubwa katika Kiswahili. Mtu hushona, humshonea mwenzake, hushonewa, na anapokwenda kwa fundi na kitambaa chake kwapani husemwa kuwa amekwenda kushonesha. Kauli hii ya kutendesha inamweka mteja mahali pake barabara: hashiki sindano, ila ndiye chanzo cha kazi. Kati yake na fundi hupita mkataba ambao aghalabu hauandikwi. Mteja huleta kitambaa, hupimwa, huambiwa siku ya kuja kuchukua nguo, na huacha arbuni. Arbuni hiyo ndiyo moyo wa mapatano yao. Mteja akitoweka, fundi ana fedha kidogo mkononi na kitambaa cha mwenyewe kimebaki dukani. Fundi naye akiharibu kazi, mteja anajua mlango wa kubisha.

Makala haya yanachunguza mkataba wa aina hiyohiyo unapofanywa kati ya pande mbili zilizotengwa na bahari: kampuni za mavazi za Ulaya na Marekani kwa upande mmoja, na viwanda vya Asia kwa upande wa pili. Nyingi za kampuni hizo, ambazo majina yake hushonwa kwenye kola za mashati, hazimiliki hata cherehani moja. Ni washoneshaji, ikiwa neno hilo litakubalika. Mfano utakaotumiwa zaidi ni Bangladesh, nchi ambayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya mauzo yake ya nje kutokana na mavazi, na ambayo viwanda vyake vya nguo huajiri takriban watu milioni nne, wengi wao wanawake. Mwaka 2020 nchi hiyo ilikumbwa na wimbi la kufutwa kwa oda ambalo watu wengi walilihusisha na maradhi ya korona. Hoja ya makala haya ni kwamba maradhi yalikuwa sababu ya karibu tu. Hasara ile ilikuwa imekwisha kugawanywa zamani, katika vifungu vya mikataba, na kugawanywa kwenyewe kulimwelemea mshonaji.

Arbuni iliyopotea

Katika biashara ya kimataifa ya mavazi, mshoneshaji hutuma mchoro, vipimo, sampuli ya rangi na idadi anayoitaka. Hatumi kitambaa. Kiwanda ndicho kinachonunua kitambaa, ambacho mara nyingi hutoka China au India, pamoja na uzi, vifungo, zipu na hata lebo yenye jina la mshoneshaji. Bei hukadiriwa kwa kila nguo na, kwa kawaida, hufuata kanuni ya melini: muuzaji hubeba gharama na hatari zote mpaka shehena ipakiwe melini katika bandari ya kwao, na kuanzia hapo hatari humhamia mnunuzi. Kanuni hii ni mojawapo ya zile zinazotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris, ambayo ilichapisha mkusanyiko wake wa kwanza wa kanuni za aina hii mwaka 1936.

Arbuni nayo i wapi? Zamani nafasi yake ilijazwa na benki. Mnunuzi alikwenda kwa benki yake, nayo ikatoa hati ya dhamana ya malipo, yaani ahadi kwamba muuzaji atakapowasilisha hati za shehena zilizo sahihi, atalipwa na benki yenyewe. Mnunuzi hangeweza kubadili nia njiani kwa sababu tu soko limepoa. Benki haikuuliza kama mashati yamepata wanunuzi. Iliuliza kama karatasi ni sahihi. Kwa miongo kadhaa sasa wanunuzi wakubwa wameuacha utaratibu huo, wakidai kuwa una gharama na usumbufu, na kushika malipo ya hesabu wazi. Katika utaratibu huu kiwanda husafirisha nguo kwanza, kisha husubiri siku 30, 60, 90 au zaidi ndipo kilipwe. Wakati huohuo kiwanda chenyewe hulazimika kufungua hati ya dhamana katika benki ya Dhaka au Chattogram ili kimlipe mwenye kitambaa. Kwa hiyo mwenye kitambaa amedhaminiwa, benki imedhaminiwa kwa mali ya kiwanda, na asiyekuwa na dhamana ni mmoja tu. Fundi amegeuka kuwa mkopeshaji wa mteja wake.

Mkataba wenyewe una sura mbili. Iko hati fupi ya oda, ambayo hutaja idadi, bei na tarehe. Halafu kuna kitabu cha masharti ya jumla, kirefu, kilichotungwa na mawakili wa mnunuzi, ambacho kiwanda hukitia sahihi mara moja mwanzoni mwa uhusiano na ambacho huhesabiwa kuwa sehemu ya kila oda inayofuata. Ndani ya kitabu hicho ndimo mlimo haki ya kukagua na kukataa mali, punguzo la bei kwa kila wiki ya kuchelewa, sharti la kusafirisha kwa ndege kwa gharama ya kiwanda endapo meli imekosekana, na katika baadhi ya mikataba, haki ya mnunuzi kufuta oda wakati wowote.

Isidhaniwe kwamba washoneshaji hawana hoja. Mavazi ni mali ya msimu. Sweta inayofika London mwezi Machi haina thamani ya sweta iliyofika Oktoba, na shati ambalo rangi yake hutoka linapofuliwa mara ya kwanza humharibia jina mwenye lebo, si mwenye kiwanda. Ugomvi mwingi wa kila siku hutokana na mambo haya: mshono uliopinda, kimo kilichopungua, wiki mbili za kuchelewa. Lakini hata hapa yafaa kuuliza nani aliyesababisha kuchelewa. Mara nyingi mnunuzi hubadili rangi au kuchelewa kuidhinisha sampuli, ilhali tarehe ya kupakia melini haisogezwi.

Machi 2020

Maduka ya Ulaya na Marekani yalipofungwa mwezi Machi 2020, barua za kufuta au kuahirisha oda zilianza kumiminika Dhaka. Chama cha watengenezaji na wauzaji nje wa mavazi cha nchi hiyo, BGMEA, kikiongozwa wakati huo na Rubana Huq, kiliweka daftari la hasara. Kufikia Aprili, viwanda zaidi ya 1,100 vilikuwa vimeripoti kufutwa au kusimamishwa kwa oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, na wafanyakazi walioguswa walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2.

Takwimu hizo ni kubwa kiasi cha kuficha jambo lenyewe. Ufafanuzi mzuri zaidi ulitolewa na Mark Anner, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, aliyevihoji viwanda 316 vya Bangladesh mwezi huohuo wa Machi. Zaidi ya nusu ya viwanda hivyo vilikuwa vimefutiwa oda ambazo tayari zilikuwa zinashonwa au zimekamilika. Oda zilipofutwa, asilimia 72.1 ya wanunuzi walikataa kulipia malighafi iliyokwisha kununuliwa, na asilimia 91.3 walikataa kulipia kazi ya kukata na kushona. Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Kufuta oda ya nguo ambazo kitambaa chake hakijanunuliwa ni hasara ya matumaini. Kufuta oda ya nguo zilizokwisha kukunjwa na kutiwa katika maboksi ni kumwachia mwenzio deni. Kitambaa kilikuwa kimelipiwa au kinadaiwa. Mshahara wa mwezi ulikuwa umekwisha kufanyiwa kazi. Shati lenye lebo ya mtu haliwezi hata kuuzwa kwingine pasipo idhini yake.

Washoneshaji hawakutenda sawa. H&M ilitangaza mwishoni mwa Machi kwamba ingepokea na kulipia kwa bei ya awali nguo zilizokwisha kushonwa na zile zilizokuwa zikishonwa; Inditex, wenye jina la Zara, wakaahidi vivyo hivyo. Wengine walidai punguzo kwa mali iliyokuwa baharini tayari. Kampuni ya Arcadia ya Uingereza ilifuta oda kwa kutegemea masharti yake yenyewe. Nchini Marekani, gazeti la Guardian liliripoti kwamba Kohl's iliwagawia wenye hisa wake gawio la dola milioni 109 majuma machache baada ya kufuta oda nyingi. Habari hiyo iliwakera watu kwa sababu iligusa kisingizio chenyewe: mwenye kusema hana uwezo wa kulipa hatarajiwi kuonekana akigawa fedha.

Nguvu isiyozuilika

Kisingizio kilichotajwa mara nyingi katika barua hizo ni kifungu ambacho Wafaransa, waliokitia katika sheria yao ya madai ya 1804, hukiita kwa maneno mawili yenye maana ya nguvu kuu. Kifungu hiki humsamehe mtu asitimize ahadi yake iwapo limetokea jambo lililo nje ya uwezo wake: vita, mafuriko, tetemeko la ardhi, maradhi ya mlipuko. Sheria ya Ufaransa kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka mambo manne yatimie. Tukio liwe nje ya udhibiti wa mwenye kudaiwa; lisiwe limetarajiwa wakati wa kuandikiana; athari zake zisiweze kuepukwa kwa hatua zifaazo; na liwe limemzuia kweli kutekeleza wajibu wake. Sharti la nne ndilo linalosahauliwa upesi. Korona ilitimiza matatu ya kwanza bila shida. Je, ilimzuia mtu kulipa? Mwaka 2014, miaka 6 kabla ya maradhi hayo, mahakama ya juu kabisa ya madai nchini Ufaransa ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mwenye wajibu wa kulipa fedha hawezi kujivua kwa hoja hii. Fedha haziungui wala hazizami.

Sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo mama ya sheria za mikataba za Kenya, Bangladesh na majimbo ya Marekani, haikuwa na dhana hiyo. Ilijengwa juu ya msimamo mkavu kwamba ahadi ni ahadi. Mlango mdogo ulifunguliwa mwaka 1863 katika kesi ya Taylor na Caldwell. Ukumbi wa muziki ulikuwa umekodishwa kwa siku nne, ukateketea kabla ya siku ya kwanza, na Jaji Blackburn akaamua kwamba pande zote mbili zimeachiliwa, kwa kuwa kitu ambacho mkataba ulikitegemea hakipo tena. Mahakama zilizofuata zimeulinda mlango huo usipanuke: utekelezaji ukiwa mgumu au wenye hasara, mkataba bado unasimama. Ndiyo maana mawakili huandika kifungu cha msamaha ndani ya mkataba wenyewe. Na maadamu wakili anayeandika ni wa mnunuzi, kifungu huja na upana anaoutaka mnunuzi.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba wanasheria wa Kiislamu walilijadili suala hili kwa undani mapema zaidi, wakilijua kwa jina la istisnaa, yaani mkataba wa kumwagiza fundi atengeneze kitu kwa malighafi yake mwenyewe. Katika mji wa Kufa, Abu Hanifa alimwachia mwagizaji hiari ya kukikataa kitu atakapokiona, kwa kukichukua kama mali iliyouzwa kabla ya kuonekana. Mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798, alimpinga. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuketi karibu na mafundi: fundi ameshakata ngozi au mbao yake kwa kipimo cha mtu mmoja, na huenda asipatikane mwingine wa kukitaka kitu hicho; basi kikilingana na maelezo, mwagizaji hana hiari. Milki ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za madai katika karne ya 19, ilifuata rai ya Abu Yusuf katika kifungu cha 392. Mahakama za Kadhi nchini Kenya, ambazo mamlaka yake ni ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, hazina nafasi ya kuitumia rai hii katika biashara. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma bila kuyaona maboksi ya Dhaka.

Haki isiyodaiwa

Swali linalofuata ni la kawaida: kama sheria ilikuwa upande wao, mbona wenye viwanda hawakushtaki? Baadhi walishtaki. Mwaka 2020 kundi la watengenezaji wa Bangladesh liliwasilisha kesi New York dhidi ya wamiliki wapya wa Sears, likidai takriban dola milioni 40. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maelewano. Lakini kesi za namna hiyo zilikuwa chache mno zikilinganishwa na oda zilizofutwa, na sababu zake hazifichiki.

Kwanza, masharti ya mnunuzi huchagua sheria na mahakama ya kwao. Mwenye kiwanda atafute wakili wa kulipwa kwa dola au pauni wakati ambapo hana hata mshahara wa wafanyakazi. Akishinda katika mahakama ya Dhaka, hukumu hiyo ni shida kuitekeleza New York. Mwamuzi wa usuluhishi angefaa zaidi, kwani Mapatano ya New York ya 1958, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1989 na Bangladesh mwaka 1992, hulazimisha nchi wanachama kuutekeleza uamuzi wa aina hiyo. Lakini usuluhishi nao sharti uwe umekubaliwa katika mkataba. Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa, uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1980, ambao kifungu chake cha 53 humtaka mnunuzi bila kigugumizi alipe bei na kupokea mali. Bangladesh si mwanachama, wala Uingereza. Katika Afrika Mashariki, Uganda, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo; Kenya na Tanzania hazimo.

Pili, na pengine hili ndilo kubwa, ni hofu. Aliyemshtaki mteja wake mkubwa hapati oda ya msimu ujao, na wateja wengine husikia. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na wenye viwanda wengi walipisha. Walikubali punguzo, wakakubali kuahirishiwa malipo, wakatia sahihi barua za maridhiano. Kilichofanikiwa kwa kiasi fulani ni kelele za pamoja. Mei 2020 BGMEA ilitishia kuitia kampuni ya Edinburgh Woollen Mill katika orodha ya wasiostahili kufanya biashara na wanachama wake, na wanaharakati wa haki za wafanyakazi wakachapisha majina ya waliolipa na wasiolipa. Aibu ilifanya kazi ambayo mahakama haikupewa nafasi ya kuifanya.

Tatu ni kufilisika. Kampuni hiyo ya Edinburgh na Arcadia zote ziliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwezi Novemba 2020. Sheria inapogawa mabaki, wenye dhamana hutangulia, na muuzaji wa hesabu wazi husimama nyuma kabisa ya foleni. Ukosefu wa arbuni huonekana tena mwishoni mwa safari kama ulivyoonekana mwanzoni.

Kuna ulinganisho mmoja ambao ni wa ajabu kidogo. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 633 dhidi ya desturi mbaya za biashara ya vyakula. Mnunuzi wa Ulaya haruhusiwi kufuta oda ya mazao yanayoharibika upesi katika muda usiofikia siku 30 kabla ya kupelekewa, na ulinzi huo unaweza kumfikia hata muuzaji aliye nje ya Ulaya. Mishiri ya Kirinyaga, basi, imepewa kinga ambayo shati la Dhaka halijapewa, ingawa shati la msimu lenye lebo ya mtu huoza kwa namna yake. Kwa upande wa mavazi, hatua zilizochukuliwa ni za hiari zaidi. Mwaka 2021 jopo la Chama cha Mawakili wa Marekani lilitoa vifungu vya mfano vinavyomtwika mnunuzi sehemu ya wajibu, ikiwemo kumlipa muuzaji ipasavyo anapojiondoa. Ni vifungu vizuri. Anayevitumia ni anayetaka.

Suala la lugha

Kenya haipo mbali na mambo haya. Viwanda vya eneo la Athi River, vilivyochipuka chini ya sheria ya maeneo huru ya uzalishaji ya mwaka 1990 na kunawiri baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, hushona kwa mfumo uleule wa oda. Mikataba ya oda huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi wa mashine huijua athari yake anapoambiwa kwa Kiswahili kwamba kazi imekatizwa.

Kwa wanaofundisha na kusomea tafsiri, kifungu cha msamaha ni kipimo kizuri cha umakini, hasa baada ya Tanzania kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021 na Katiba ya Kenya ya 2010 kukipa hadhi ya lugha rasmi. Tafsiri kadhaa zinawezekana. Wapo watakaosema tendo la Mungu, ambalo ni tafsiri ya istilahi nyingine ya Kiingereza na ambalo huacha nje vita na amri za serikali. Wapo watakaochagua dharura. Hilo ni neno la hatari katika mkataba, kwani dharura kwa Kiswahili ni jambo lolote la haraka; mgeni wa ghafla ni dharura, na maduka yaliyokosa wateja ni dharura vilevile. Janga lisilotarajiwa hutazama tu kile ambacho pande mbili zilikuwa zikikiwaza. Nguvu isiyozuilika ina faida ya kiambishi cha kutendeka, ambacho hubeba maana ya kuwezekana au kutowezekana, lakini bado haisemi ni nini kilichozuiwa. Mfasiri mwangalifu ataongeza maneno machache, kwa mfano: inayomfanya mhusika asiweze kabisa kutimiza wajibu wake, isipokuwa wajibu wa kulipia kazi iliyokwisha kufanywa. Maneno hayo ya mwisho hayakuwamo katika mikataba mingi ya mwaka 2020.